Kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: mwongozo kamili kwa mgeni mwenye adabu

Kila ndugu anayenipigia simu kusema anakuja kuona magofu huanza na swali lile lile: boti ni shilingi ngapi? Namjibu kwa swali: siku hiyo unayokuja, mwezi utakuwa wa ngapi? Wengi hudhani natania. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni visiwa, na kisiwani saa ya kwanza ni maji. Ukikosea bei utapoteza elfu kadhaa. Ukikosea maji utapoteza siku nzima, na huenda viatu pia.

Nawaandikia watu wa huku kwetu: mtu wa Lindi ambaye hajawahi kuvuka, mtu wa Mtwara anayepita Nangurukuru kila mwaka akienda Dar na hajawahi kukata kona, mtu wa Dar mwenye siku tatu za sikukuu. Mzungu anakuja na mtu wa kumwongoza na anaogopa kukosea. Sisi tunakuja tukijiona wenyeji, na hapo ndipo tunapoharibu, maana mwenyeji wa Mbagala si mwenyeji wa Kisiwani. Pale ng'ambo kuna kijiji. Watu wanalima, wanavua, wanaoa, wanazika, na mbuzi wao wanalala kwenye kivuli cha kuta za masultani.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla ya kuomba ruhusa kazini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibika kabla hazijaanza.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Tofauti inaweza kupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupanda na kushuka kivivu. Hayo mtoto yeyote wa Kilwa Masoko, mji unakovukia, atakwambia. Wageni wasilolijua ni kwamba saa nazo zina mazoea. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Na saa nne asubuhi ndiyo saa ya mgeni: ameamka, amekunywa chai na chapati, amechukua kibali, anafika ufukweni akiwa na hamu zake.

Kwa Kisiwani hilo si tatizo kubwa. Mlango wa bahari kati yake na Masoko una kina, ndiyo maana majahazi ya mbali yalipapenda. Utakachofanya ni kukunja suruali na kutembea kidogo majini. Kwa Songo Mnara ni habari nyingine. Kule unashukia kwenye mikoko, na maji yakitoka, kinachobaki ni tope.

Safari yangu ya kwanza kupeleka familia huko nilikuwa nayajua haya yote kwa mdomo tu. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu, watu wameshachanga, hakuna aliyetaka kuahirisha. Chombo kikakwama mbali na nchi kavu, tukashuka. Mama mkubwa alivua kandambili akazishika mkononi, moja ikamponyoka, tope likaimeza mbele ya macho yetu. Akasimama pale, kanga imefika magotini, akanitazama: "Mwanangu, umenileta kuona jumba la sultani au kuvua kaa?" Nahodha alitazama pembeni asicheke.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwa Songo Mnara chagua siku ya 7 au 8, au ya 22 au 23, ya mwezi wa Kiislamu. Kalenda ya msikitini inayo. Siku hizo maji hayapandi sana, lakini yanakuwa juu kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati unaouhitaji. Kwa Kisiwani peke yake siku yoyote inafaa. Halafu mpigie nahodha umwambie tarehe, umwachie yeye saa ya kuondoka. Akikwambia saa kumi na mbili asubuhi, usimwombe saa mbili.

Upepo nao una zamu. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, na jioni bahari huchafuka. Ukija miezi hiyo, vuka mapema, rudi mapema. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina joto la kukausha koo. Machi hadi Mei ni mvua, na barabara yetu haina mchezo na mvua: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakaa njiani. Mimi napenda Septemba hadi Novemba, bahari imetulia na magugu kwenye magofu yamekauka. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) una sehemu ya bahari, usome siku moja kabla.

Na Ramadhani? Unaweza kuja, hakuna atakayekufukuza. Lakini usile wala kunywa maji mbele za watu, na usitegemee kupikiwa mchana.

Hatua ya pili: fika Kilwa iliyo sahihi

Kilwa ni tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, ndipo penye gati, ofisi na nyumba za kulala wageni. Kilwa Kivinje ni mji mkongwe, kama kilomita 30 kaskazini yake, wenye boma la Mjerumani na kumbukumbu za Majimaji. Kilwa Kisiwani ndiyo ya magofu, na utaiona kwa macho ukisimama Masoko. Ukitoka Mtwara au Lindi, panda basi lolote la Dar, mwambie kondakta akushushe Nangurukuru, hapo utachukua gari dogo la kwenda Masoko. Ukitoka Dar, yapo mabasi ya moja kwa moja, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, zile hadithi za kulala Rufiji mkingoja kivuko zimebaki za wazee.

Tahadhari nyingine ya majina: Songo Songo si Songo Mnara. Songo Songo ni kisiwa cha gesi, upande mwingine kabisa. Nimeshawahi kupigiwa simu na mtu aliyekuwa amekwishapatana bei ya chombo cha kwenda Songo Songo.

Lala Masoko usiku wa kuamkia siku ya kuvuka. Kufika na kuvuka siku moja ni kukimbizana na maji, nawe huyawezi.

Hatua ya tatu: kibali na risiti

Magofu yote mawili ni eneo moja la Urithi wa Dunia, lililoandikishwa na UNESCO mwaka 1981, na sasa yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Usishangae wanyamapori wanahusika vipi na msikiti, wamekabidhiwa. Kibali unachukua Masoko kabla ya kuvuka. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na bila kitambulisho utaanza kubishana dirishani. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, chukua risiti.

Najua wapo watakaokwambia "twende tu, mjomba, tutamalizana huko huko". Usiende. Mwaka 2004 magofu haya yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: bahari ilikuwa inayala, mizizi inapasua kuta. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya miaka ya kazi ya chokaa, mwiko na makinga ya mawimbi. Kazi hiyo haina mwisho, maana bahari nayo haiachi. Unapokwepa kiingilio unamwibia huyo fundi mwenye mwiko.

Mchukue na mwongozaji. Kisheria utaambiwa ni lazima, lakini mimi nakwambia mchukue hata kama ungeweza kumkwepa. Bila yeye utaona mawe. Mwombe awe mtu wa Kisiwani kama inawezekana, ili hela ivuke na ibaki kule.

Hatua ya nne: chombo, nahodha na jaketi

Kwa Kisiwani mashua ya tanga inatosha, na upepo ukiwa mzuri ni nusu saa au chini ya hapo. Kwa Songo Mnara tafuta chombo chenye injini. Ni saa moja au zaidi kwa kila upande, na kwa tanga safari hiyo ni ya mtu asiye na haraka na maisha.

Patana bei yote kabla hujaweka mguu ndani: kwenda, kusubiri, kurudi, mafuta juu ya nani. Neno "kusubiri" ndilo linalozaa ugomvi jioni. Usimkamue nahodha mpaka akubali bei isiyomlipa, kwa sababu atafidia kwa kupakia watu wengine saba na magunia ya mihogo.

Halafu hesabu jaketi za kuokolea maisha. Kila kichwa na jaketi lake, na watoto wana saizi yao. Nahodha mmoja, sitamtaja, alinionesha jaketi 4 tukiwa watu 9, akaniambia, "Wenye kujua kuogelea hawahitaji." Nilimshukuru, nikasalimia, nikaenda kwa mwenzake. Fanya hivyo hivyo bila kelele. Mkibishana ufukweni mtaaibishana, na kesho huenda ndiye atakayekuwa na chombo peke yake.

Hatua ya tano: unachobeba, na unachorudi nacho

Maji ya kunywa, lita mbili kwa mtu kwa uchache, na ni bora kwenye dumu au chupa ya kujaza tena. Maji matamu kisiwani ni ya visima na ya watu, usiende kuyamaliza. Kofia. Viatu vya kufunga kwa ajili ya miba na kokoto za matumbawe, na kandambili za kushukia majini. Kanga mbili: moja ya kujitanda, nyingine ya kukalia. Fedha taslimu za noti ndogo ndogo, kwa sababu mama anayeuza kachori hana chenji ya elfu kumi. Mifuko ya plastiki usibebe, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019. Chukua kikapu cha ukili, utakipata sokoni.

Na mfuko mmoja wa takataka. Kila ulichovuka nacho kinarudi nawe Masoko: chupa, ganda la biskuti, nepi ya mtoto. Kisiwani hakuna gari la taka. Ukimwachia mwenyeji "atatupa", atachoma nyuma ya nyumba au itapeperuka baharini.

Hatua ya sita: piga hodi

Ukishuka, jengo la kwanza mbele yako ni Gereza, ile ngome ya ufukweni. Wareno walijenga ngome baada ya kuuvamia mji mwaka 1505, hawakukaa sana, na hii unayoiona imejengwa upya zama za Waarabu wa Oman. Wageni wengi hutoa simu hapo hapo na kuanza kupiga picha. Ngoja. Pale ufukweni kuna watu. Wazee wamekaa chini ya mti wanashona nyavu, akina mama wanasubiri samaki. Anza nao. "Shikamoo babu. Shikamoo mama. Habari za hapa?" Jibu swali utakaloulizwa, maana utaulizwa umetoka wapi na ukoo gani, na mtu wa kusini hakosi shangazi aliyeolewa karibu na hapa. Mimi nimeshapata ndugu wawili wa kweli namna hiyo.

Dakika kumi hizo zinabadilisha siku yako yote. Mtu uliyemsalimia ndiye atakayekwambia kwamba njia ya Husuni Kubwa, jumba la sultani, imefungwa na miiba, au kwamba leo kuna msiba na si vizuri kupita kijijini mkicheka.

Mavazi hayana mjadala mrefu. Mwanamke afunike mabega na magoti, mwanaume asitembee kifua wazi. Nguo ya kuogelea ivaliwe mbali na nyumba, chini ya kanga. Pombe acha Masoko.

Picha za watu: omba, na ukikataliwa shukuru. Usimpige mtoto picha eti kwa sababu anacheka na kamasi zake. Wewe ungekubali mgeni ampige wako hivyo pale Mikindani au Mtanda na kuirusha mtandaoni kabla hajafika gati?

Hatua ya saba: ndani ya magofu

Mpango ninaoupenda ni huu. Kama jua bado halijakali, anza na Husuni Kubwa, kwa sababu iko mbali upande wa mashariki na kuiendea saa saba mchana ni adhabu. Kama maji yanaruhusu, muulize nahodha kama anaweza kuwashusha karibu na huko. Kisha mrudi kwa miguu mkipita mashambani hadi Msikiti Mkuu, mmalizie kwenye jumba la Makutani.

Husuni Kubwa ni jumba lililojengwa juu ya mwamba mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya 100. Utakachokikumbuka ni birika lake la pembe nane. Simama ukingoni mwake, ndani usiingie, maana plasta yake ya chokaa ni ya zamani zile na soli ya kiatu inaikwangua. Kwenye ukingo wa mwamba usisogee; chini bahari inaukata, na unaweza kumomonyoka na wewe juu yake.

Huyu al-Hasan ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri yule aliusifu mji kwa uzuri wa majengo yake, lakini kilichomkaa zaidi ni ukarimu wa mwenyeji wake, hata akasimulia jinsi fakiri mmoja alivyomwomba sultani nguo alizovaa, naye akampa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa inapita hapa, alikuwa nazo za kutoa.

Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye upande wa kusini kwa nguzo za pembe nane na kuba. Ingia, kaa chini, nyamaza kidogo. Ndani kuna ubaridi, na kila sauti inakurudia. Vua viatu ukipenda, hakuna anayekulazimisha, ila watu wa hapa bado wanauita msikiti na si gofu la msikiti. Usiegemee nguzo. Usipande ukuta ili upate picha nzuri zaidi: mawe yale yameshikwa na chokaa, na ukining'inia juu yake unalegeza kazi ya miaka 600. Na wanaoandika majina yao ukutani kwa msumari, sina la kuwaambia ambalo linaandikika.

Makaburi usiyakanyage wala kuyakalia. Ukikuta kitambaa au majivu ya ubani pembezoni mwa kaburi, usiguse. Kuna mtu alikuja kuomba kwa ajili ya mgonjwa wake.

Sasa vigae. Ukitembea Kisiwani au Songo Mnara utavikanyaga bila kujua: vipande vya vyungu vya hapa hapa, vya Uajemi, vya China. Mpwa wangu, darasa la sita wakati huo, aliokota kimoja cha kijani kilichofifia, laini kama ganda la yai, akakitia mfukoni. Mwongozaji wetu, mzee wa pale, hakupaza sauti. Akachuchumaa mbele yake.

"Umekiokota wapi, mjukuu wangu?"

"Hapo, babu."

"Hapo wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Mtoto akazunguka, akasogea huku, akasogea kule, hakuweza tena kupaona. Mzee akasema, "Basi. Kikiwa pale chini kilikuwa kinajua nyumba yake. Mfukoni mwako hakijui kitu." Akakichukua, akakiweka karibu na ukuta ambako mtoto alidhani ndipo. Tangu siku hiyo mpwa wangu ndiye polisi wetu wa vigae.

Mzee alikuwa sahihi kuliko alivyoonekana. Mwaka 1944 askari wa Australia aliokota sarafu 5 za shaba za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Zilifikaje? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini wanaweza hata kubishana kwa sababu yule askari aliweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota. Bila alama ile zingekuwa shaba tu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu hivi, na mtoto akikuuzia kigae au sarafu, usinunue hata kwa huruma. Ukinunua kimoja, kesho atachimba. Na sisi wa Lindi tuna sababu yetu zaidi ya sheria. Kila tukikaa barazani tunalalamikia mjusi wa Tendaguru, yule aliyechimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909 na sasa amesimama Berlin. Tunamdai Mjerumani mifupa ya mjusi mzima, huku mfukoni tumeficha kigae.

Songo Mnara kwa ufupi, kwa wenye siku ya pili

Nenda. Kama una siku mbili, ya pili iwe ya huku. Ni mji uliohamwa, wenye nyumba za mawe, misikiti na jumba la kifalme, na mingi ya milango yake bado imesimama, unapita chumba hadi chumba kama mtu aliyekosa wenyeji. Mibuyu imeota katikati. Ndani ya mikoko usikate wala kuvunja kijiti upate fimbo: mizizi ile ndiyo inayolizuia wimbi lisifike kwenye kuta, na ndimo samaki wadogo wanamokulia. Fuata njia ya nahodha, tope lina mashimo.

Baharini na mezani

Wakitaka kuogelea watu wako, wachague mchanga. Matumbawe yana uhai. Ukikanyaga unaua, na mengi hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Nanga ishushwe kwenye mchanga pia, na wewe ndiye mteja, una haki ya kumwambia nahodha. Magamba ya kauri na nyota za bahari viache, hata vilivyokufa. Kaa wadogo wanahamia humo.

Chakula agiza mapema, ikiwezekana simu ipigwe siku moja kabla, ili akina mama wa kijijini wajue wapike wali wa nazi wa watu wangapi. Usiagize kamba kochi mwenye mayai. Pweza kula kwa raha zako, lakini uliza kama mwamba umefunguliwa: vijiji kadhaa vya pwani hii hujiwekea utaratibu wa kufunga miamba miezi kadhaa ili pweza wakue, na mgeni mwenye pesa ndiye anayewashawishi vijana kwenda kuiba usiku. Waulize watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za pwani, watakwambia.

Kasa usimguse. Nyama yake ni haramu ya sheria na inaweza kuwa sumu: Machi 2024, kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kuila.

Pesa ikae wapi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni mwenyeji yupi. Kama umekuja na chakula kutoka Dar, na maji kutoka Dar, na mwongozaji kutoka Dar, umeacha nini zaidi ya nyayo? Nunua kwa mikono ya watu: mkeka wa ukindu, korosho zilizobanguliwa, madafu, maandazi. Bei ndogo ndogo usizipigie kelele. Mkeka mkubwa ni kazi ya wiki nyingi, na wewe unaomba upunguziwe elfu mbili.

Watoto usiwagawie hela, pipi wala peni. Najua moyo unavyouma. Lakini nimeona kilichotokea ufukwe mmoja ninaoufahamu vizuri: miaka kumi ya pipi, na sasa watoto hawaendi shule siku za chombo cha wageni. Kama una madaftari au mpira, mpelekee mwalimu mkuu, au mwone mwenyekiti wa kijiji, mbele ya watu wawili watatu, na usipige picha ya makabidhiano.

Bakshishi ya mwongozaji na nahodha mpe kila mmoja mkononi mwake. Ukimpa mmoja "mgawane", umewaachia ugomvi.

Kurudi

Nahodha akisema sasa hivi, ni sasa hivi. Tanga halingoji picha ya mwisho. Hesabu watu, hesabu jaketi, angalia mfuko wa taka umo. Jioni upepo hugeuka na mawimbi hupiga ubavuni, kwa hiyo watoto wakae katikati, simu ziwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Mkifika Masoko, mfuko wa taka peleka kwenye pipa lenye mwenyewe, si pembeni ya gati. Mlipe nahodha salio lake hapo hapo, chukua namba yake, mwambie tarehe utakayorudi kama utarudi. Gari la Nangurukuru hupungua baada ya magharibi.